Somo la Historia: Aliyeumia Kazini na Haki Yake

Somo letu ni la historia, lakini faida yake ni ya leo. Nakuulizeni: mtu akivunjika mkono kazini, nani atamlipa?

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza Mpango wa Karanga katika Tanganyika. Mahali palipochaguliwa palikuwa patatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Yaliletwa matrekta makubwa, mengine yametengenezwa kwa vifaru vya vita, ili yaangushe miti na kung'oa visiki. Reli ikajengwa kutoka Mtwara. Watu waliozoea jembe na panga wakajikuta kati ya minyororo, injini na magogo.

Kwa sheria ya zamani ya Kiingereza, aliyeumia ilimpasa athibitishe mahakamani kwamba tajiri wake alifanya uzembe. Je, kibarua asiye na wakili wala shahidi angeanzia wapi? Kwa sababu hiyo Uingereza ilitunga sheria ya fidia mwaka 1897, na Tanganyika ikapata yake mwaka 1948. Msingi wake ulikuwa huu: ajali ikitokana na kazi, tajiri hulipa hata kama hakukosa. Lakini fidia ilihesabiwa kwa mshahara. Mwenye mshahara mdogo alipata fidia ndogo, ingawa mkono uliokatika ni mkono ule ule.

Mpango wa Karanga uliachwa mwaka 1951, na reli iling'olewa katika miaka ya 1960. Sheria ile ilidumu zaidi, mpaka ilipofutwa na sheria mpya ya mwaka 2008. Sheria hiyo mpya iliunda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015. Waajiri huchangia, na Mfuko humlipa aliyeumia.

Basi, ndugu msikilizaji, ukiumia ufanyeje? Mjulishe mwajiri upesi, nenda hospitali, na utunze kila karatasi. Ukigongwa na gari barabarani, pata fomu ya polisi namba 3, kisha uandike namba ya gari na majina ya mashahidi. Gari hutakiwa na sheria kuwa na bima ya watu wengine.

Ukifungua daawa ya uzembe, tazamia mambo mawili. Kwanza, mzigo wa kuthibitisha ni wako, na hakimu hasikilizi machozi, husikiliza ushahidi. Pili, muda una mwisho: sheria ya mwaka 1971 inatoa miaka 3. Wengi hungoja ahadi za maneno, "Tutakusaidia, bwana," hata miaka ikapita. Haki yao haikuibwa. Ililala mpaka ikafa.

Maswali ya kujadili kikundini:
1. Kwa nini sheria ya mwaka 1948 haikumtaka kibarua athibitishe uzembe?
2. Kijijini kwenu, nani aliumia na hakudai? Nini kilimzuia?

Kwaherini mpaka somo lijalo.