Kupanda kwa Sukari ya Damu: Historia ya Homoni na Haja ya Istilahi

Neno kisukari limeundwa kwa ufasaha. Limefuata desturi ya lugha yetu ya kuyapa maradhi mengi kiambishi ki-, kama katika kifafa, kichocho na kipindupindu, na limechukua mzizi ambao kila mtu anaujua. Hata hivyo, neno huweza kupotosha kwa sababu ya uwazi wake. Aghalabu mtu aambiwapo kwamba ana kisukari, yeye na jamaa zake hudhani kwamba ameugua kwa kupenda vitu vitamu. Akipimwa asubuhi kabla hajatia kitu kinywani, na sukari yake ikaonekana imepanda, huulizwa alikula nini usiku. Akijibu kwamba hakula kitu, hasadikiwi. Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa ufupi jinsi wataalamu walivyogundua kwamba sukari ya damu hupandishwa pia na mwili wenyewe kwa kazi ya homoni, kisha tupime kama istilahi zetu zinautosheleza ujuzi huo.

Hapo kale ugonjwa huu ulitajwa kwa dalili zake. Wagiriki waliuita kwa neno lenye maana ya kupita, kwa kuwa maji yalionekana kupita tu mwilini mwa mgonjwa bila ya kukaa. Mwaka 1776 tabibu Mwingereza Matthew Dobson alionyesha kwamba utamu wa mkojo wa mgonjwa hutokana na sukari, na kwamba damu yake nayo ina utamu. Tangu hapo ilikuwa rahisi kuamini kwamba sukari yote hiyo imeingia kwa njia ya kinywa.

Imani hiyo ilitikiswa na Claude Bernard wa Ufaransa. Mwaka 1848 aligundua sukari katika damu itokayo kwenye ini la wanyama ambao hawakulishwa sukari, hata waliolishwa nyama tu. Kumbe ini ni ghala na kiwanda kwa pamoja: huweka akiba, na huitoa akiba hiyo mwili unapohitaji. Lililobaki ni kujua ni nani anayeliamuru ini lifungue ghala au lifunge.

Jibu la kwanza lilipatikana mwaka 1889 mjini Strasbourg, ambao wakati huo ulikuwa chini ya Ujerumani. Joseph von Mering na Oskar Minkowski walimwondoa mbwa kongosho, naye akapatwa na kisukari. Mwaka 1905 Ernest Starling, katika mihadhara yake mjini London, alilitumia neno homoni kwa vitu vinavyotolewa na kiungo kimoja na kuchukuliwa na damu hadi kiungo kingine. Alilitoa katika kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kuchochea. Kitu cha kongosho nacho kilipata jina kabla hakijapatikana chenyewe: Jean de Meyer wa Ubelgiji alikipendekezea jina la insulini mwaka 1909, na Edward Sharpey-Schafer wa Uingereza akafanya vivyo hivyo mwaka 1916, kwa kufuata neno la Kilatini la kisiwa, maana seli zinazokitoa zimejikusanya kama visiwa ndani ya kongosho. Mwaka 1921 mjini Toronto, Frederick Banting na Charles Best walipata dawa kutokana na kongosho, na Januari 1922, baada ya James Collip kuisafisha, ilimpa nafuu kijana wa miaka 14.

Ushindi huo ulikuwa mkubwa, lakini uliwafanya wengi waone kwamba kisukari ni upungufu wa insulini tu. Ushahidi mwingine ulikuwapo. Mwaka 1901 Ferdinand Blum wa Ujerumani alikuwa ameonyesha kwamba wanyama wakidungwa maji ya tezi zilizo juu ya figo, sukari hutokea katika mkojo wao. Mwaka 1923 Kimball na Murlin walieleza kwamba kongosho lenyewe hutoa kitu kinachopandisha sukari, wakakiita glukagoni. Mwaka 1930 Bernardo Houssay na Alfredo Biasotti wa Argentina walionyesha jambo la ajabu zaidi: mbwa aliyeondolewa kongosho, akiondolewa pia tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, kisukari chake hupungua ukali. Mwaka 1936 Long na Lukens wa Marekani walipata matokeo ya namna hiyo kwa paka walioondolewa tezi za juu ya figo. Houssay alipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 1947.

Kwa hiyo sukari ya damu ni kama mizani. Upande mmoja imo insulini, ambayo huishusha. Upande wa pili zimo glukagoni, adrenalini, kotisoli na homoni ya ukuaji, ambazo huipandisha. Mizani huweza kuinama kwa insulini kupungua, au kwa upande wa pili kuzidi. Mwenye uvimbe unaotoa kotisoli nyingi, au atumiaye prednisoloni kwa muda mrefu, huweza kupata kisukari. Mama mjamzito naye huweza kukipata kwa sababu homoni za kondo la nyuma huipunguzia insulini nguvu. Na kabla ya alfajiri kotisoli na homoni ya ukuaji huongezeka katika kila mtu, ini likatoa sukari. Mzima huizuia kwa insulini yake, lakini mgonjwa huamka nayo juu. Hali hiyo ilielezwa na wataalamu mwaka 1981.

Sasa tuzirejee istilahi. Kwanza, kuna wanaosema homoni na wanaosema kichocheo. Kichocheo ni neno zuri, na maana yake inalingana na ile ya Kigiriki. Lakini zipo homoni zinazozuia badala ya kuchochea. Sharpey-Schafer mwenyewe alililalamikia neno la Starling kwa sababu hiyo hiyo. Tunaona afadhali homoni litumike katika maandishi ya kitaalamu, kwa kuwa kwetu halibebi maana nyingine.

Pili, hapana budi dalili itengwe na ugonjwa. Kisukari libaki kuwa jina la ugonjwa. Dalili iitwe kupanda kwa sukari ya damu. Mtu aliyepatwa na mshtuko huweza kupandwa na sukari kwa saa chache bila ya kuwa na kisukari.

Tatu, homoni za upande wa pili wa mizani ziitweje? Kuziita adui au wapinzani wa insulini si haki. Mtu afungaye Ramadhani hukaa tangu alfajiri hadi magharibi bila ya chakula, na sukari yake haiishi, kwa sababu glukagoni huliamuru ini litoe akiba. Wala neno kipandishasukari halitoshi, kwani homoni hizi zina kazi nyingine nyingi. Tunapendekeza homoni zinazopandisha sukari: ni maelezo marefu kidogo, lakini hayamdanganyi msomaji.

Huenda wengine wakaona kwamba haya ni mambo ya wataalamu. Sivyo. Muuguzi mwenye maneno haya matatu ataweza kumwambia mgonjwa wake asubuhi: "Sukari yako imepanda, huenda ini lako limeitoa usiku kwa amri ya homoni. Tuangalie dawa yako." Asiye nayo hubakiwa na swali lile lile la alikula nini. Tunawakaribisha waganga, wauguzi na walimu wa biolojia watuletee maoni yao, hasa maneno ambayo wagonjwa wenyewe huyatumia.