Nyumba za mfano: mambo ya kuangalia kabla ya kutoa akonti

Nyumba ya mfano, ile wengi wanaita kwa Kifaransa "maison témoin", ni nyumba ambayo mwenye mradi wa makao anaijenga mbele ya zingine zote. Anaipaka rangi, anaiwekea viti na mapazia, kisha anaalika watu waje kuiona. Zile zingine bado ni karatasi: mistari kwenye plani, vijiti vya kupimia vimesimikwa ndani ya majani. Mtu anatembezwa ndani ya nyumba moja, anaombwa alipie nyingine ambayo haijakuwako. Ukurasa huu ni kwa ajili ya mtu huyo, na pia kwa ndugu yake wa ng'ambo anayepokea picha kwenye WhatsApp na kutuma dola.

Mu inchi yetu, miradi mikubwa ya aina hii inajulikana zaidi mbali na Kivu. Kinshasa kuna Cité du Fleuve, iliyojengwa juu ya mchanga uliomwagwa kwenye kinamasi cha mto Kongo. Lubumbashi kuna Luano City, karibu na uwanja wa ndege. Huku kwetu mara nyingi mambo ni madogo zaidi: mtu ao kampuni inanunua konsesio ya zamani nje ya mji, shamba la kahawa ao malisho ya ng'ombe, inapitisha mashine kufungua barabara, inakata viwanja, inasimamisha nyumba moja ao mbili kando ya njia ili zionekane.

Lakini kukaa ndani ya nyumba za sura moja si jambo geni. Bagira, ku Bukavu, ilijengwa namna hiyo na Office des Cités Africaines, shirika ambalo wakoloni Wabeljiji waliliunda mwaka wa 1952. Shirika hilo lilijenga pia Kinshasa, Lubumbashi, Kisangani, na hata Bujumbura, ambako mtaa wa Ngagara wazee bado wanauita OCAF. Mwenye kutaka kujua nyumba ya mfano inakuwaje ikizeeka, atembee Bagira siku moja. Ataona namna watu walivyoongeza vyumba nyuma, walivyofunga baraza, walivyojenga jiko nje. Yale yote ambayo plani ya kwanza ilisahau, wenyeji wameyaandika kwa matofari.

Udongo mbele ya nyumba

Makomisioneri wanapenda kuanzia sebuleni. Wewe anzia ofisini. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973, iliyorekebishwa mwaka wa 1980, inasema udongo wa Kongo ni mali ya Leta, na Leta peke yake. Mtu hanunui udongo, anapewa haki ya kuutumia. Haki hiyo inaitwa concession, na iko ya aina mbili.

Ya kwanza haina mwisho, "concession perpétuelle". Hiyo inapewa mtu wa damu na nyama mwenye uraia wa Kongo, basi. Ya pili ni ya kawaida, "concession ordinaire", na ina muda wake: kwa zile zinazotumiwa zaidi, haipiti miaka 25, ingawa inaweza kuongezwa. Mgeni anapewa hii ya pili. Na hapa ndipo wengi hawafahamu: kampuni pia, hata kama wenye nayo wote ni Wakongomani, inapewa hii ya pili tu. Kwa hiyo, kama mwenye mradi ni kampuni, ulizo la kwanza si "vyumba ni ngapi?" bali "kwenye karatasi yenu imebaki miaka mingapi?" Kama konsesio ilitolewa miaka 19 iliyopita, unanunua ndani ya kitu chenye miaka 6. Inaweza kuongezwa, ndiyo, lakini ni nani atafuata kazi hiyo na kulipa gharama yake, wewe ao yeye? Jibu liandikwe ndani ya mkataba.

Ulizo la pili: certificat d'enregistrement iko kwa jina la nani? Mbele ya sheria, haki juu ya kiwanja inathibitishwa na karatasi hiyo inayotolewa na conservateur des titres immobiliers. Baada ya miaka miwili tangu itolewe, haki iliyomo haiwezi tena kubomolewa. Anayelalamika anabaki na njia ya kudai fidia. Kinyume chake, acte de vente yenye mhuri wa shefu wa kartie, fiche parcellaire ya komini, ao barua ya mwami, zinaonyesha kwamba kuna maongezi yalifanyika. Hazifanyi kazi ya certificat. Watu wamejenga nyumba za ghorofa juu ya karatasi za shefu, na siku mwenye certificat anatokea, tribunali inamuangalia yeye.

Ukienda ku ofisi ya ardhi, beba nambari ya kiwanja na nambari ya certificat, usibebe picha ya simu peke yake. Uliza mambo matatu: jina lililomo, kama kuna deni lililofungwa juu yake (hypothèque), na kama kugawanya konsesio kumekwisha kuandikwa. Hilo la tatu ni kubwa. Mwenye mradi anaweza kuwa na certificat safi kabisa ya hekta kumi, lakini viwanja alivyokata vikawa kwenye plani yake tu, cadastre haijavipima wala kuviwekea bornes. Siku hiyo nyumba yako nambari 14 haiko. Kuna hekta kumi za mtu mwingine, na ndani yake kuna kuta zako.

Kama anayeuza ni mtu binafsi mwenye bibi ao bwana, kumbuka Kanuni ya Familia, ile ya 1987 iliyorekebishwa 2016: kuhamisha konsesio kunahitaji wote wawili wakubali, hata mali yao iwe imegawanywa namna gani. Sahihi moja inaleta kesi kesho. Usione haya kusema "na mama mwenye nyumba, yuko wapi?"

Pahali ofisi ya ardhi imefungwa ao haifanyi kazi sawasawa kwa sababu ya vita, subiri. Bei ya chini sana wakati wa matatizo ina sababu zake, na mwenye kuuza haraka anazijua kuliko wewe.

Mlimani, ziwani, juu ya mawe

Nyumba moja haiwezi kuwa nzuri Goma na Bukavu na Uvira kwa pamoja, lakini plani zinasafirishwa hivyo hivyo.

Ku Goma, uliza lava. Mwaka wa 2002, tarehe 17 Januari, Nyiragongo ilipasua mji katikati mpaka ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 ilirudi, ikameza nyumba upande wa Buhene, na siku chache nyuma, watu wa kartie nyingi wakaamriwa kuhama juu ya hofu ya mlipuko chini ya mji. Kwa hiyo lotisma mpya inayopanda upande wa volkano, wenye mradi watakuambia hewa ni safi na mlima unaonekana vizuri. Kweli unaonekana.

Kuna hatari nyingine ambayo haionekani, mazuku. Ni hewa ya kaboni dioksidi inayotoka chini ya udongo, nzito kuliko hewa ya kawaida, inayojikusanya kwenye mashimo na mabonde, zaidi usiku na asubuhi wakati hakuna upepo. Inaua mbuzi, inaua na watu. Upande wa magharibi ya Goma, karibu na ziwa, pahali pake panajulikana. Kama nyumba ya mfano ina garage ao chumba kilichochimbwa chini ya usawa wa udongo, waulize wenyeji wa karibu, si komisioneri, kama wameshaona ndege ao mbwa waliokufa bila kidonda. Na Observatoire Volcanologique de Goma ipo kwa ajili ya maulizo kama hayo.

Mawe ya lava yana tabia nyingine: maji yanazama haraka, lakini kuchimba fosi ya choo ni kazi ya siku nyingi na pesa nyingi. Ndiyo maana wajenzi wengine wanachimba kidogo, wanafunika. Omba kifuniko kifunguliwe, teremsha kamba yenye jiwe, pima urefu. Watakucheka. Acha wacheke.

Ku Bukavu shida ni mteremko. Udongo unateleza, mifereji inakula chini ya msingi, na nyumba ya mfano, kwa kuwa ni ya kuonyesha, imepewa pahali pa usawa. Usikubali kuona hiyo tu. Shuka mpaka kwenye kiwanja chako mwenyewe, uangalie nani yuko juu yako na maji yake yanatokea wapi. Kama panahitajika ukuta wa kushikilia udongo, uliza kama umo ndani ya bei. Ukuta kama huo unaweza kula pesa ya vyumba viwili. Tena, eneo hili linatikisika: tarehe 3 Februari 2008 tetemeko lilibomoa nyumba Bukavu na ng'ambo ya Rusizi. Uliza juu ya mkanda wa zege wenye ferabeto unaozunguka kuta chini ya paa. Ndani ya nyumba iliyokwisha kupakwa plasta hauonekani, basi omba uone ile inayojengwa sasa.

Ku Uvira, Aprili 2020, Mulongwe ilitoka ndani ya njia yake ikabeba nyumba, na ziwa Tanganyika nalo likapanda juu ya makao ya pembeni. Kiwanja kitambarare karibu na maji kinapendeza wakati wa kiangazi. Kwa hiyo tembelea mara mbili, moja wakati wa mvua. Mu Kivu mvua inaanza Septemba mpaka Mei, hakuna haraka ya kununua mwezi wa saba.

Ndani ya nyumba

Humo ndani mambo ni mepesi zaidi, inatosha kuleta metre ya fundi na mtu anayepika. Vitanda vya maonyesho mara nyingine ni vidogo kuliko vya kawaida, milango ya ndani imetolewa ili chumba kionekane kikubwa, na taa zinawaka mchana. Pima chumba, halafu nenda nyumbani upime kitanda chako na kabati lako.

Jiko ndilo mahali plani inadanganya zaidi. Wameweka meza ya jiwe na nafasi ya mashine ya umeme. Lakini familia nyingi zinapika na makala kwenye mbabula, na mbabula ndani ya chumba kilichofungwa inaleta moshi na hewa inayoua watu usingizini. Kama hakuna baraza ya nyuma ao jiko la nje, hesabu gharama ya kulijenga tangu leo, na uliza kama mkataba unaruhusu kuongeza kitu.

Fungua robine. Kama maji yanatoka, fuata mpombo uone kama unatoka Regideso ao kwenye siterne iliyojazwa asubuhi na gari. Kama taa inawaka, tega sikio usikie groupe nyuma ya nyumba. Mwambie anayekutembeza: "Tuoneshe compteur." Ahadi ya kwamba kampuni ya umeme itafika "mwaka kesho" haina thamani mpaka nguzo ziwe zimesimama. Panda pia uangalie manjanja: unene wake, misumari yake, na kama paa inavuka ukuta vya kutosha ili mvua isipige matofari.

Pesa na mkataba

Komisioneri atakuambia: "Mama, iko watu wengine wawili wanaitaka, leta akonti leo." Akonti ndiyo mlango wa matatizo mengi, kwa sababu inatolewa kwa furaha, mara nyingi bila karatasi. Ilipwe kwa mwenye mradi mwenyewe, si kwa komisioneri, na risiti itaje nambari ya kiwanja, bei yote, na nini kitatokea kama nyumba haikukamilika. Kulipa kwa vipande kufuate kazi: msingi, kuta, paa, kumaliza. Kulipa kwa tarehe tu kunamfaa muuzaji, maana tarehe inafika hata kama fundi hakufika.

Mkataba uandike vifaa kwa jina na kipimo. "Nyumba kama ile ya mfano" haitoshi, kwa sababu siku ya kupewa funguo ile ya mfano inaweza kuwa imeuzwa, imebadilishwa rangi, ao imekuwa ofisi. Piga picha za kila chumba siku ya kutembelea: soketi, robine, milango, vigae, paa kwa chini. Chapisha picha hizo, zitiwe sahihi na pande zote mbili mbele ya notaire, zifungwe pamoja na mkataba. Tena omba kuona kibali cha kujenga kilichotolewa na ofisi ya Urbanisme, kwa jina la mradi na kwa kiwanja hicho.

Kwa ndugu wa ng'ambo: tuma mtu wawili wasiojuana kutembelea, kila mmoja siku yake. Mmoja awe fundi, umlipe siku yake ya kazi, asiwe na komisio yoyote kwa muuzaji. Video uombe irekodiwe kuanzia barabara kubwa mpaka mlangoni bila kukata, hapo utaona na njia yenyewe.