Gharama ya Kusimama: Usambazaji wa Vyakula kwa Wauzaji Wadogo wa Nairobi

Bei ya vyakula mijini inapojadiliwa, lawama humwangukia dalali. Mkulima wa viazi wa Nyandarua hulipwa kidogo, mlaji wa mtaa wa Kayole, Nairobi, hutozwa sana, na tofauti hiyo husemekana kuishia mifukoni mwa watu wa katikati. Kwa imani hiyo, katika muongo uliopita kampuni kadhaa za teknolojia ziliahidi kumuunganisha mzalishaji na kioski moja kwa moja. Makala haya yanadai kwamba gharama kubwa zaidi inazaliwa kwingine. Kinachokula pesa katika usambazaji wa rejareja ni udogo wa mzigo unaoshushwa kila gari linaposimama. Njia isiyotatua udogo huo haiwezi kujilipia, hata ikiongozwa na programu bora.

Tukadirie kwa mfano. Gari la tani 3 linatoka ghalani alfajiri kuhudumia vioski 60. Kila kituo huchukua dakika 10: kuegesha, kushusha, kuhesabu kreti, kumsubiri mwenye kioski amalizane na wateja, kisha kuthibitisha malipo ya M-Pesa. Hizo tayari ni saa 10, mwendo haujahesabiwa. Ikiwa kila kioski kimeagiza bidhaa za shilingi 2,000, na faida ghafi ni asilimia 8, kituo kimoja huingiza shilingi 160, na siku nzima shilingi 9,600. Humo mtoke mafuta, ujira wa dereva na utingo, ada za kaunti, kodi ya ghala na hasara ya nyanya zilizopondeka. Ramani ya kidijitali huweza kufupisha njia, lakini haigusi zile dakika 10. Oda ikifika shilingi 6,000, kituo huingiza shilingi 480 kwa muda karibu uleule.

Yaliyotokea Kenya yanaafikiana na hesabu hii. Twiga Foods, iliyoanzishwa mwaka 2014, ilianza kwa kuwapelekea wachuuzi wa Nairobi ndizi, kisha ikaongeza bidhaa za viwandani. Kwa mtazamo wa makala haya, hiyo ilikuwa njia ya kukuza thamani ya kila kituo. Hata hivyo, mwaka 2023 ililazimika kupunguza wafanyakazi na kujipanga upya. Copia, kampuni nyingine ya usambazaji, ilikusanya oda za wateja kwa mawakala wenye maduka, hatua ya busara, lakini wateja wengi walikuwa vijijini, mbali na maghala. Mei 2024 iliwekwa chini ya wasimamizi baada ya kukosa mtaji mpya.

Tatizo hili si la Afrika pekee. Nchini Marekani, kampuni ya Webvan ilijenga maghala ya gharama kubwa ili kupeleka vyakula majumbani ndani ya muda wa nusu saa uliochaguliwa na mteja, ikafilisika Julai 2001. Katika miaka hiyohiyo, Tesco ya Uingereza iliwatuma wafanyakazi wake kuokota bidhaa za oda kwenye rafu za maduka yaliyokuwepo, na ikamtoza mteja ada ya kufikishiwa. Tesco haikuifanya safari iwe rahisi. Iliepuka mzigo wa maghala mapya na kuipa safari bei.

Mama mboga, mchuuzi mdogo wa mtaani, ana jibu lake. Alfajiri huenda mwenyewe Soko la Wakulima, maarufu kama Marikiti, huchagua mali kwa mkono, kisha huchanga na wenzake nauli ya pikapu au mkokoteni. Mizigo midogo ya watu wengi huwa mzigo mmoja, na gari husimama mara chache. Tusiutukuze mfumo huu, kwani saa za usingizi anazopoteza mama huyo hazimo katika daftari lolote. Na mahali pengine gharama husukumwa kwa mnyonge zaidi: nauli na ushuru vinapotozwa kwa gunia badala ya kilo, mnunuzi hulirefusha gunia, na mkulima ndiye anayelipia lumbesa, yaani ujazo huo wa ziada. Kanuni za viazi za mwaka 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50, lakini kishawishi kitabaki madhali gunia ndilo kipimo cha malipo.

Kwa hiyo, swali la kuuliza kuhusu njia yoyote ya usambazaji ni nani anayekusanya mizigo midogo, na analipwa na nani. Dalali na mwenye duka la jumla mara nyingi ndio wanaoifanya kazi hiyo. Kuwaondoa bila kuirithi kazi yao ni kuipeleka kwenye gari la kampuni. Serikali za kaunti zingefaidi zaidi kwa kujenga vituo vya kushushia mizigo karibu na mitaa yenye watu wengi, vyenye mizani na vyumba vya baridi, na kutoza ushuru kwa uzito. Kampuni nazo zipange bei kwa kituo: majirani watano wanaoagiza pamoja na kupokelea mahali pamoja walipe kidogo, na anayetaka kufikishiwa mlangoni aijue bei ya mlango wake. Usambazaji wa bure kwa kila kioski utadumu muda ule tu ambao mwekezaji yuko tayari kuulipia.