Bodi, Mizani na Hesabu: Chai Maharage katika Viunga vya Dar es Salaam, 1983 hadi Miaka ya 1990

Historia ya daladala jijini Dar es Salaam imeandikwa zaidi kwa jicho la sera na la ajira. Msomaji hukutana na kutaifishwa kwa kampuni ya mabasi ya DMT mwaka 1970, kuundwa kwa UDA mwaka 1974, kisha ruhusa ya mwaka 1983 iliyowaingiza watu binafsi katika biashara ya kubeba abiria. Matteo Rizzo, ambaye uchunguzi wake ndio rejea kuu ya mada hii, ameonyesha jinsi ruhusa hiyo ilivyozaa tabaka la wafanyakazi wasio na mikataba. Gari lenyewe hupitwa kwa haraka katika maandishi hayo, ilhali umbo la gari ni ushahidi wa kihistoria sawa na waraka wa wizara. Mjadala ufuatao unahusu umbo moja, lile ambalo wakazi wa Kinondoni, Ilala na Temeke waliliita chai maharage.

Chai maharage lilikuwa gari dogo la mizigo lililofungwa bodi nyuma ya kichwa chake. Ndani ya bodi palikuwa na mabenchi mawili marefu, moja kila ubavu, na abiria walikaa wakitazamana kama wateja wa mgahawa wanaokula maharage kwa chai. Jina hilo lina kejeli, na pia linaeleza kwa usahihi mpango wa viti. Mlango ulikuwa nyuma.

Swali la kwanza ni kwa nini gari la mizigo lichukue nafasi ya basi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nchi ilikuwa na uhaba mkubwa wa fedha za kigeni, na mabasi ya UDA, yakiwamo yale marefu ya Ikarus yaliyoitwa kumbakumba, yalisimama kwa kukosa vipuri. Mwaka 1984 serikali iliruhusu wenye fedha zao nje ya nchi kuagiza bidhaa bila kuulizwa zilikotoka fedha hizo. Kwa mwenye mtaji mdogo, gari dogo la mizigo lilikuwa chaguo la busara: biashara ya abiria ikikwama, bodi huondolewa na gari likarudi kubeba mkaa au saruji. Chai maharage, kwa hiyo, lilikuwa namna ya kujikinga na hasara kabla ya kuwa chombo cha abiria.

Kazi ya kufunga bodi ilimwangukia fundi wa kuchomelea na seremala, wa aina wanaopatikana hadi leo Gerezani na Keko. Hapo ndipo penye suala la mizani, nalo linahitaji kuelezwa kwa utulivu. Gari la mizigo hubuniwa ili uzito mkubwa ukae mbele kidogo ya ekseli ya nyuma. Tuchukue mfano wa gari lenye umbali wa mita 2.5 kati ya ekseli mbili. Ikiwa kitovu cha mzigo wa kilo 1,000 kitasogea nusu mita nyuma ya ekseli ya nyuma, ekseli ya mbele itapunguziwa kilo 200, na ekseli ya nyuma itabeba kilo 1,200. Usukani huwa mwepesi, na matairi ya mbele hushika barabara kwa shida. Fundi aliyerefusha bodi kuelekea nyuma ili benchi lipate abiria wawili zaidi alikuwa akifanya hesabu hii, awe ameiandika au la. Dawa ya kawaida ya mafundi kwa gari linalokalia nyuma ni kuongeza jani la springi. Dawa hiyo huinua mkia wa gari, lakini hairudishi uzito mbele.

Mlango wa nyuma uliongeza tatizo. Abiria wanne wenye kilo 65 kila mmoja, wakining'inia mita 1.2 nyuma ya ekseli, huondoa takriban kilo 125 nyingine kwenye magurudumu ya mbele. Mabenchi ya ubavuni nayo hayakuwa na kitu cha kumzuia abiria asiteleze. Dereva alipokanyaga breki, watu walisukumana kuelekea kwenye kichwa cha gari, na alipoondoka walirudi mlangoni. Mzigo wa magunia hufungwa kamba ukatulia. Mzigo wa watu huhama, na kila anayesimama huinua kitovu cha uzito, jambo ambalo kwenye kona huwa na gharama yake.

Kuhusu hewa, ni rahisi kudhani kwamba bodi la mraba lilikula mafuta mengi. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa kasi, hivyo gari la kilomita 80 kwa saa hupambana na ukinzani mara nne ya lile la kilomita 40. Kwenye safari za mjini, za kusimama kila kituo, hasara hiyo ilikuwa ndogo. Hewa iliwaathiri abiria kwa njia nyingine. Nyuma ya bodi lenye mgongo wa wima hubaki eneo lenye msukumo mdogo wa hewa, ambalo huvuta vumbi na moshi wa ekzosi kuurudisha kwenye gari. Mlango ulikuwa papo hapo. Katika barabara za vumbi za viungani, aliyekaa mwisho wa benchi alivuta alichotimua mwenyewe.

Lawama zote hizi hazimfikii fundi peke yake. Dereva na konda walidaiwa hesabu, yaani kiasi maalumu cha kumkabidhi mwenye gari kila jioni, na kilichozidi baada ya mafuta ndicho kilikuwa chao. Nauli ya mwanzo ya shilingi 5, iliyoitwa dala na kuzaa jina daladala, haikuwaachia nafasi ya kuondoka na benchi lisilojaa. Uzito wa nyuma uliamuliwa kituoni, baada ya fundi kumaliza kazi yake.

Katika miaka ya 1990 Toyota Hiace zilizotumika, maarufu kama vipanya, ziliyasukuma nje magari hayo. Kipanya kilikuwa na mlango wa ubavuni, kati ya ekseli mbili, na viti vingi vilivyotazama mbele. Abiria aliyening'inia sasa alikuwa karibu na katikati ya gari, na ekseli ya mbele ilibaki na uzito wake. Aliyekosa kiti alisimama ameinama, shingo imegusa paa, kutoka Mbagala hadi Posta.