Makongeni bila makonge

Shuka steji ya Makongeni, Thika, uulize makonge yako wapi. Utachekwa. Utaona fleti, kinyozi, boda na mama wa mboga. Lakini jina liko wazi: makonge-ni, penye makonge. Tena mkonge si mmea wa hapa. Asili yake ni Mexico, Wajerumani wakauleta Tanga mwaka 1893, baadaye walowezi wakaupanda mpaka pande zetu na Makuyu. Kwa hivyo jina la mtaa linakumbuka mmea mgeni uliofukuza nyasi, halafu nao ukafukuzwa na mawe ya kujengea.

Tunaambiwa Thika ni mji wa mananasi na viwanda. Mimi nasema ni mji wa mito. Chania na Thika zote zinatoka milima ya Nyandarua na kukutana hapa kwetu. Mlowezi wa kahawa alifuata hayo maji, kwa sababu buni ikishamenywa lazima ioshwe, na kuiosha kunamaliza maji mengi. Mpango wa Swynnerton wa 1954 ulipowafungulia Waafrika wengi kilimo cha kahawa, miteremko ya Murang'a nayo ikalimwa.

Sasa hapa ndipo watu hulala kwenye somo la historia, na ndipo kwenye stori yenyewe. Ardhi yenye msitu au nyasi hufanya kazi bila mshahara. Inakunywa mvua ya Aprili, inaichuja, inaiachilia polepole mpaka kiangazi cha Januari. Ukiilima mteremkoni bila matuta, mvua inateremka na udongo. Ukiimwagia simiti, haikunywi kitu.

Na Nairobi inategemea hiyo kazi ya bure. Bwawa la Sasumua lilikamilika 1956, Ndakaini 1994, na maji yake yanavushwa kutoka bonde la Tana hadi jiji lililo bonde la Athi. Mwaka 2015 ukaanzishwa mfuko wa maji wa Tana ya Juu na Nairobi, kuwasaidia wakulima kuchimba matuta na kupanda nepia kingoni. Naukubali sana. Mkulima akizuia udongo, mtu wa Kileleshwa anafungua bomba, kwa nini asichangie?

Shida yangu ni sisi wa katikati. Huko Ruiru, Tatu City imesimama palipokuwa na kahawa, na huku kwetu kila ploti inafunikwa ukuta kwa ukuta. Mvua ikigonga mabati inakimbilia mtaroni, inabeba nailoni na oili, bila kuingia ardhini hata kidogo. Wiki mbili baadaye mifereji imekauka na nimepanga foleni na mtungi wa lita 20, nangoja mwenye mkokoteni. Si hii maji ilipita hapa juzi, bure?

Mvua kubwa ikinyesha, simama kwenye daraja uangalie rangi ya mto. Ule wekundu ni shamba la mtu wa Gatanga, linaenda kulala Masinga.