Muhuri na Siri

Lushoto, katika milima ya Usambara, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal, kipo Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1998. Mahakimu na makarani wafundwao hapo hujifunza wizi, mirathi na mipaka ya mashamba. Lakini liko swali zito kuliko hayo: Dola ikisema, "Hii ni siri," hakimu afanye nini?

Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya mwaka 1962 ilimpa Rais uwezo wa kumzuia mtu bila ya kumshitaki, na kifungu cha 3 kikazifunga mahakama mdomo: amri hiyo isihojiwe. Mwaka 1967 Sheria ya Ushahidi iliongeza pazia la pili. Waziri akiapa kwamba hati fulani ya serikali, ikitolewa, itadhuru maslahi ya umma, hati hiyo haipokelewi. Mdai akabaki akipigana mieleka na kivuli.

Hata hivyo, sheria ile ya 1962 ilitaka amri iwe na sahihi ya Rais na muhuri wa taifa. Hapo ndipo palipobaki ufa. Jaji aliyekatazwa kuuliza kwa nini mtu amezuiwa, aliweza bado kuuliza muhuri uko wapi.

Ufa kama huo hauachwi kila mahali. Huko Marekani, ndege ya kijeshi ilianguka mwaka 1948, na wajane watatu wa raia waliokufa humo wakadai ripoti ya ajali. Mwaka 1953 Mahakama ya Juu iliikubali siri ya serikali bila ya kuisoma ripoti. Ilipokuja kusomwa na jamaa za marehemu, mwaka 2000, ilisimulia zaidi uzembe wa matengenezo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini hukumu ile ilikwisha kuwa ngao: kinga hiyo hiyo ya siri ilisimama tena mwaka 2022, katika kesi ya Waislamu wa California waliopelelezwa.

Tanzania ilichukua miaka 23 kukifuta kifungu cha 3. Tangu mwaka 1985 amri yaweza kuhojiwa, na aliyezuiwa ana haki ya kuelezwa sababu. Hata hivyo, Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991, iliitaja sheria hiyo miongoni mwa sheria 40 zenye kasoro.

Dola ina siri za haki, hilo halikanushiki. Bali siri isiyoonwa hata na jicho la jaji haina tofauti na uzembe uliovikwa kanzu.