Kugeuza mfumo wa faili wa diski bila kupoteza vitabu vya kanisa

Katibu wa parokia anataka kuweka video ya ibada ya kuwekwa wakfu kwa wachungaji katika diski ya nje. Diski ingali na nafasi nyingi, lakini kompyuta inakataa na kusema kwamba faili ni kubwa mno. Mtu aliye karibu naye anamshauri: «Iformati tu, itakubali.» Ni kweli, itakubali. Lakini orodha ya wabatizwa, vyeti vya ndoa, hesabu za matoleo na picha ya hati ya kiwanja cha kanisa vitafutika saa ile ile.

Wapendwa, iko njia nyingine. Kompyuta yenye Windows inaweza kugeuza diski kutoka FAT32 kwenda NTFS huku faili zikibaki mahali pake. Tunaieleza hapa hatua kwa hatua, kwa ajili ya makatibu, watunza hazina na vijana wanaosaidia katika ofisi za kanisa.

Mfumo wa faili ni nini?

Fikiri kabati kubwa la ofisi. Ndani mna karatasi nyingi, na mlangoni kuna daftari linaloonyesha kila karatasi iko katika rafu gani. Diski ni kabati, faili ni karatasi, na mfumo wa faili ni jinsi lile daftari linavyoandikwa. Daftari likiharibika, karatasi zingalipo, lakini hakuna anayejua pa kuzitafuta.

FAT32 ilikuja mwaka 1996, wakati wa Windows 95. Daftari lake ni jepesi, na karibu kila chombo kinalisoma: kompyuta, televisheni, redio ya gari, spika ya kwaya. Lakini haliwezi kuandika faili moja inayofikia gigabaiti 4, hata kama diski ina nafasi mara mia. Ndiyo sababu video ya katibu wetu ilikataliwa.

NTFS ilianza mwaka 1993 pamoja na Windows NT. Inakubali faili kubwa sana. Tena, kabla ya kubadili daftari lake, huandika kwanza kando jambo inalotaka kufanya. Umeme ukikatika katikati ya kazi, ukirudi, NTFS husoma yale maandishi na kulitengeneza daftari. Kwetu ambako umeme hukatika bila kuaga, hii ni faida kubwa. Hata hivyo haiokoi barua uliyokuwa ukiandika bila kuihifadhi, wala haizuii diski kuanguka au kuibwa.

Je, unahitaji kugeuza?

Fungua «Ce PC», finya diski kwa kitufe cha kulia cha panya, kisha chagua «Propriétés». Hapo utaona mfumo wa faili wa diski hiyo.

Kama imeandikwa NTFS, huna kazi ya kufanya. Kama imeandikwa exFAT, njia hii haiifanyii kazi, na kwa habari ya faili kubwa huna shida, kwani exFAT haina ule mpaka wa gigabaiti 4. Kama imeandikwa FAT32, na ni diski ya ofisi inayotumika na Windows, kugeuza kuna maana.

Lakini flashi ambayo kwaya huchomeka kwenye spika au kinanda, iache katika FAT32. Vyombo vingi vya namna hiyo havisomi NTFS, na Jumapili asubuhi si saa ya kugundua jambo hilo. Tena, kompyuta za Apple husoma diski ya NTFS lakini kwa kawaida haziandiki ndani yake. Kama ofisi ya jimbo inatumia kompyuta hizo, ulizeni kwanza.

Kabla ya kugusa chochote

Nakili kila kitu mahali pengine: diski ya pili, kompyuta nyingine, au flashi kadhaa. Usiridhike kuona majina ya faili tu. Fungua nakala chache, ile ya zamani na ile ya jana, uone kama kweli zinasomeka. Kisha ondoa diski hiyo ya pili na kuiweka kando. Mtu asiye na nakala asiendelee na hatua zinazofuata.

Hakikisha pia kwamba diski ina nafasi tupu ya kutosha, kwa maana daftari jipya huandikwa ndani ya nafasi hiyo. Diski iliyojaa hadi ukingoni itakataliwa.

Mwisho, angalia umeme. Tumia kompyuta ya mkononi yenye betri iliyojaa, ikiwa imechomekwa. Kama ofisi inategemea jenereta, mafuta yawepo. Kama ni sola, fanya kazi mchana wa jua. Umeme ukikatika wakati daftari la zamani linaachwa na jipya halijakamilika, unaweza kupoteza yote mawili.

Hatua za kugeuza

1. Funga programu zote na faili zote zilizofunguliwa katika diski hiyo.

2. Angalia herufi ya diski katika «Ce PC». Hapa tunachukua E. Kama yako ni F au D, andika hiyo. Kukosea herufi ni kugeuza diski nyingine.

3. Katika sehemu ya kutafutia, andika cmd. «Invite de commandes» ikitokea, ifinye kwa kitufe cha kulia na uchague «Exécuter en tant qu'administrateur».

4. Kwanza tengeneza makosa yaliyomo katika diski. Andika hivi, kisha finya Entrée:

chkdsk E: /f

Ngoja hadi imalize. Ikitaja makosa mengi, irudie tena kabla ya kuendelea.

5. Sasa andika amri ya kugeuza:

convert E: /fs:ntfs

6. Kama diski ina jina, kompyuta itakuuliza jina hilo. Liandike kama linavyoonekana katika «Ce PC». Ukikosea, itakataa. Hiyo ni njia ya kuhakikisha kwamba umechagua diski uliyoikusudia.

7. Ngoja. Diski yenye faili nyingi huchukua muda. Usichomoe waya, usizime kompyuta, usifunge dirisha.

8. Ikimaliza, rudi kwenye «Propriétés» na uone kama imeandikwa NTFS. Fungua faili kadhaa. Ndipo unakili ile video kubwa.

Kama ni diski yenyewe ya Windows, yaani C, kompyuta haiwezi kuigeuza inapoitumia. Itauliza kama ifanye kazi hiyo ikiwashwa upya. Katika Windows ya Kifaransa jibu ni O, yaani «oui».

Mambo matatu ya kukumbuka

La kwanza: amri hii haina njia ya kurudi. Kutoka NTFS kurejea FAT32, Windows inajua kuformati tu, na kuformati ni kufuta. Hapo ni nakala pekee itakayokusaidia.

La pili: kama amri ya kugeuza itajibu kwamba diski ni RAW, simama. Maana yake kompyuta haioni tena daftari linaloeleweka. Windows inaweza kukushauri uiformati, usikubali. Usiandike kitu chochote ndani yake. Ipeleke kwa fundi anayejua kuokoa faili, na umwambie wazi kwamba unahitaji vilivyomo ndani.

La tatu: kugeuza hakufungi siri. NTFS inaruhusu kupanga nani afungue folda gani, lakini aliyeiba diski na kuichomeka katika kompyuta yake anaweza kuvuka ruhusa hizo. Makanisa yetu mengi yanatunza orodha za jamaa waliokimbia vita, za wajane na za waliopokea msaada. Majina hayo yanaweza kuhatarisha maisha ya watu yakifika mikononi mwa wasiostahili. Diski hiyo ifungiwe, na nakala zijulikane ziko kwa nani.

Vyombo viwili vya udongo

Katika Yeremia sura ya 32, nabii ananunua shamba wakati mji umezingirwa na adui. Hati inaandikwa mbele ya mashahidi, nayo ni mbili: moja imetiwa muhuri, nyingine iko wazi. Kisha Baruku anaamriwa kuziweka katika chombo cha udongo zipate kudumu siku nyingi. Vita vilikuwa mlangoni, lakini siku ilikuwa inakuja ambapo watu wangerudi na kuuliza shamba ni la nani.

Sisi pia tunajua siku hiyo. Mama aliyekimbia kijiji chake anafika katika parokia akiwa hana kitu, anaomba uthibitisho wa ndoa yake au wa ubatizo wa mtoto wake. Daftari la karatasi limeungua. Kama katibu alitunza nakala mbili, moja ofisini na moja mahali pengine, mama huyo atapata jibu.

Kwa hiyo, ndugu katibu, kabla ya kuandika ile amri, jiulize: chombo changu cha pili kiko wapi? Kama hakipo, anza na hicho juma hili. Video inaweza kungoja.